Vizimba vina kufuli, funguo zinalala mjini: siafu wamekula makinda wa korongo na hakuna anayejibu

Wadau, nimekaa na jambo hili siku tisa, siwezi kulinyamazia tena.

Nilijitolea wiki tatu katika kituo kimoja cha kutunza wanyamapori waliojeruhiwa na walioachwa yatima, huku magharibi mwa Kenya, si mbali na msitu wa Kakamega. Jina silitaji kwa sasa. Sikwenda kupiga picha na tumbili. Nilikwenda kufagia, kukata majani, kuosha vyombo na kumshikia daktari mnyama anapofungwa bandeji. Malazi nilijilipia mwenyewe, na kwa hilo sina kinyongo.

Siku ya kwanza tulikalishwa chini tukasomewa kanuni. Nyoka, kichaa cha mbwa, usimlishe tumbili kwa mkono. Kuhusu wadudu, hakuna hata mstari mmoja. Mwezi wa Aprili! Mahali panaponyeshewa karibu milimita 2,000 kwa mwaka!

Wa kwanza kuumia alikuwa binti tuliyelala naye chumba kimoja, mgeni kutoka Mombasa. Taa yetu ilikuwa inawaka usiku kucha kwa sababu swichi iko nje, na Nairobi flai hufuata mwanga. Mmoja akamtua shingoni, naye akampiga kofi kama mtu anavyompiga mbu, akaendelea kulala. Mdudu huyu mwembamba, mweusi na mwekundu, hang'ati. Sumu iko mwilini mwake na hutoka ukimponda, tena haikuchomi papo hapo. Ngozi huanza kuwaka baada ya siku moja au mbili, wakati umeshasahau kofi. Ndivyo ilivyokuwa: shingo ikatoa malengelenge, na kwa kuwa alijipangusa kisha akajishika uso, jicho la kushoto likavimba mpaka likafunga. Alipomwendea meneja aliambiwa sabuni yake ndiyo mbaya, abadilishe. Mimi yalinipata ndani ya kiwiko, vidonda viwili vinavyotazamana, maana ukikunja mkono sumu hugusa na upande wa pili. Maelezo ya dakika mbili yangetosha: mpulize, usimponde, ikitokea umemponda osha haraka kwa maji na sabuni, mikono isifike machoni. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipoleta wadudu hawa kwa wingi, nchi nzima ilijifunza hayo. Kwa nini kituo kinachopokea wageni kila mwezi hakijajifunza?

Hilo lakini ningelisamehe. Ngozi hupona.

Aliyekulia vijijini huku anajua siafu wakiingia nyumbani usiku mama anafanya nini. Anatoa mtoto, anafungulia kuku, anafungua mbuzi kamba. Kisha watu wanakaa nje na kusubiri. Siafu watapita, watakula mende na panya, na asubuhi mnarudi ndani. Siafu hawana uadui na mtu. Anayekufa ni yule asiyeweza kuondoka: kuku aliyefungiwa, mtoto mchanga, mgonjwa wa kitandani. Sasa niambieni, kituo cha wanyama waliojeruhiwa kimejaa nini kama si viumbe wasioweza kuondoka?

Walikuja usiku wa manane baada ya mvua kubwa. Mzee wa lindo ndiye aliyetuamsha. Tulipofika kwenye vizimba na tochi, ardhi yote ilikuwa inatembea, na miguu ya meza za vizimba ilikuwa imefunikwa mpaka juu. Kila mlango ulikuwa na kufuli. Funguo zote ziko kwenye mkoba wa meneja, na meneja analala mjini. Tulimpigia simu mara kumi na moja. Haikupokelewa.

Mzee alileta koleo, tukaanza kukata waya huku siafu wakitupanda mapajani. Wanang'ata na hawaachi, ukimvuta kiwiliwili kichwa kinabaki kwenye ngozi. Bundi mwenye bawa lililovunjika tulimkuta amejining'iniza juu kabisa kwenye wavu. Huyo tulimtoa, tukamtoa siafu mmoja mmoja kwa vidole hadi kukapambazuka. Yuko hai. Perere, yule pimbi wa mitini, mwenye mguu wa bandeji, hatukumuwahi.

Na makinda wawili wa korongo taji. Hao walikuwa wameletwa na mama mmoja aliyewakuta watoto wanawachezea kinamasini. Kinda wa korongo hutembea mapema sana baada ya kuanguliwa. Porini, akiwa na mama yake, angeinuka akakimbia. Hawa walikuwa na miguu mizima na nguvu za kukimbia. Kilichowazuia ni kufuli tuliyoweka sisi, watu tuliosema tumekuja kuwaokoa. Korongo taji yuko katika orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka tangu 2012. Niliwalisha wale wawili kwa mikono yangu siku kumi na mbili.

Asubuhi mzee aliniambia, "Mwanangu, tangu mvua ianze naomba mikebe ya kuweka chini ya miguu ya meza, tutie maji na oili chafu. Naomba na jivu la kuzungushia. Naambiwa ningoje bajeti." Bajeti ya mikebe! Jikoni kwa mama yangu miguu ya kabati la chakula imekaa ndani ya mikebe ya maji tangu nikiwa mtoto, na hiyo ni kwa ajili ya sisimizi tu.

Meneja alifika saa tatu. Alisema hayo ni maumbile, siafu nao wanahitaji kula. Nilipomuuliza kuhusu funguo aliniambia wanaojitolea si wafanyakazi, hatuna haki ya kumhoji. Si kweli. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu mahali popote ambapo mtu yuko kazini, awe wa muda au wa kudumu.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni daftari la vifo. Siku yangu ya mwisho nililifungua. Tarehe ile, mbele ya makinda wote wawili, pameandikwa: "Udhaifu wa mwili." Perere hajaandikwa kabisa.

Nimeupiga picha ukurasa huo. Mzee wa lindo amekubali kusema alichokiona, ila anaogopa kupoteza kazi, ana watoto shuleni. Mwenye kujua utaratibu wa kupeleka malalamiko KWS, shirika la serikali la wanyamapori, ofisi gani na barua iandikweje, na jinsi ya kumlinda mzee huyu, tafadhali aniandikie hapa. Mvua bado zinanyesha, na nilipopiga simu jana jioni niliambiwa funguo bado zinalala mjini.