Kitenzi "get" cha Kiingereza kilikukwamisha wapi? Tupeane uzoefu

Ndugu zangu, amani iwe kwenu. Nimekuwa nikifasiri kutoka Kiingereza kwa miaka mingi, na hakuna kitenzi kilichonitoa jasho kama "get". Kamusi inakupa "pata" kwenye mstari wa kwanza, nawe unaondoka ukiamini kazi imekwisha. Mimi niliumbuka kwenye lebo ya dawa ya kusafishia sakafu. Maelezo yalisema "Do not get in eyes", nami kwa haraka nikaandika "Usipate machoni". Mhariri aliirudisha ikiwa na alama moja tu ya kuuliza, kubwa, iliyojaza ukingo wote wa karatasi. Kwa Kiswahili dawa ndiyo inayoingia machoni, kwa hiyo ilitosha kuandika "Isiingie machoni", sentensi ambayo haina "pata" hata kidogo. Naomba kila aliyewahi kunaswa na kitenzi hiki aeleze yaliyompata.

Mwanafunzi wa Zamani:
Yangu yalinipata sekondari. Mwalimu wetu wa Kiingereza alituambia kwamba "get" ni neno la wavivu na akatutaka tutumie visawe vyake, nami nikakariri "obtain", "acquire" na "receive" kama anayekariri jedwali la kuzidisha. Katika insha iliyofuata, ambamo msimulizi ananyeshewa njiani, niliandika kwa fahari "I obtained wet", na mistari miwili baadaye "I obtained home late". Pembeni, kwa wino mwekundu, mwalimu aliuliza: "Huo unyevu uliuomba kwa barua?" Darasa zima lilicheka, na hadi leo sijui kama alikumbuka kwamba ushauri ulikuwa wake.

Msoma Kamusi:
Mwanafunzi wa Zamani, kosa lako lina maelezo mazuri, na yamo katika asili ya maneno hayo. "Obtain", "acquire" na "receive" yote yalitoka Kilatini yakaingia Kiingereza kupitia Kifaransa, na kila moja limebaki na kumbukumbu ya kwao: ndani ya "obtain" mna kitenzi cha kushika, ndani ya "acquire" mna cha kutafuta, na ndani ya "receive" mna cha kutwaa. Ndiyo maana barua hupokewa, ujuzi hutafutwa na kibali hupatikana kwa juhudi, lakini hakuna mtu anayelowa kwa juhudi.

"Get" lenyewe lilipita njia nyingine. Kiingereza cha kale kilikuwa na nduguye, "gietan", lililotumika karibu kila mara likiwa na kiambishi mbele yake, kama katika "begietan", yaani kupata, na "forgietan", yaani kusahau, na herufi hiyo ya "g" ilitamkwa kama "y". Kisha wakaja watu wa Skandinavia waliofanya makazi Uingereza kuanzia karne ya 9, wakiwa na neno lao "geta" lenye "g" nzito, na kufikia mnamo mwaka 1200 neno hilo la wageni lilikuwa limeingia katika Kiingereza. Hata "forget", ambalo katika maandishi ya zama za kati huonekana kama "foryeten", liliishia kuvaa "g" ya wageni. Kwa hiyo Mwingereza anaposema amesahau, kwa asili anasema kitu kimemponyoka mkononi.

Linalonifurahisha zaidi ni kwamba wanaisimu huliweka neno hili katika mzizi mmoja na "prehendere" la Kilatini, lenye maana ya kukamata, ambalo ndilo lililozaa "comprehend". Anayesema "I get it" na anayesema "I comprehend" wanatumia maneno ya ukoo mmoja yaliyofika kwa njia mbili, na sisi tunaosema "nimekupata" tunajumlisha kupata na kuelewa vilevile.

Karani Mstaafu:
Naongeza dogo. Niliwahi kumsahihisha mwenzangu aliyeandika "gotten" katika barua, nikamwambia mbele ya watu kwamba neno hilo halipo. Lipo, na si jipya: Marekani wamelihifadhi, na Uingereza limefifia, ingawa wao wenyewe bado wanasema "forgotten" na "ill-gotten". Kwa Mmarekani, "I've got the letter" ni kusema ninayo barua, na "I've gotten the letter" ni kusema imenifikia. Nilimwomba radhi mwenzangu, naye alicheka kuliko nilivyotaka.

Mgeni wa Lugha:
Mimi niliambiwa "Could you get the door?" nikasimama nikiutazama mlango, nikijiuliza niulete wapi. Kumbe mtu alikuwa akibisha hodi.

Mwalimu wa Jioni:
Nawafundisha watu wazima, na nimeacha kabisa kuwapa orodha ya visawe. Nawaambia wafunike neno "get" kwa kidole na watazame linalolifuata. Likifuatwa na jina la kitu, mara nyingi ni kupata, kupokea au kuleta. Likifuatwa na sifa, kama "tired" au "old", ni kuingia katika hali, na Kiswahili huwa tayari na kitenzi chake: kuchoka, kuzeeka. Likifuatwa na mahali, ni kufika. Wanapokwama hasa ni kwenye "He got fired" na "She got her hair cut", kwa sababu wanatafuta "pata" wakati kiambishi chetu cha kutendwa kinatosha: alifukuzwa, alikatwa nywele. Ile ya pili nyakati nyingine yafaa iwe "alikwenda kukatwa nywele", kwa kuwa Kiingereza kinadokeza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetaka. "Get married" ndiyo hunichelewesha, maana lazima kwanza niulize anayezungumziwa ni mwanamume au mwanamke, ndipo nijue kama ameoa au ameolewa.

Mwanafunzi wa Zamani:
Mwalimu wa Jioni, shikamoo. Nimeitoa ile insha kabatini na kufunika "obtained" kwa kidole kama ulivyoelekeza. Nyuma ya kidole panatosha "nililowa", na mstari wa pili "nilifika nyumbani nimechelewa".