Mwalo wa Kibirizi, Kigoma: ushuru wa mwalo ujenge banda la kunyonyeshea, au mzazi abaki nyumbani miezi sita?

Mleta mada: Hoja ni kwamba sehemu ya ushuru wa mwalo, hapa mitumbwi inaposhusha dagaa, itengwe kwa banda la akina mama wanaonyonyesha. Wanaopinga wanasema mzazi akae nyumbani hadi mtoto atimize miezi sita. Atakula nini? Usiku wa giza mitumbwi inarudi alfajiri, na dagaa lazima waanikwe mapema, asiyeanika halipwi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 kwa pacha, na muda wa hadi saa mbili kwa siku wa kunyonyesha. Hiyo ni ya mwajiriwa. Kibarua wa kuanika dagaa hana hata siku moja.

Mjumbe wa BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni): Dada, fedha hizo zinasubiriwa na choo na maji. Mama akamue maziwa nyumbani, bibi amnyweshe mtoto. Gharama ni kikombe tu.

Muuguzi mkunga: Kukamua ni kuzuri, kaka, ila kufanyike sawasawa. Anawe kwa sabuni. Kikombe chenye mfuniko kichemshwe. Dole gumba liwe juu ya titi na vidole chini, sentimita 2 hadi 3 nyuma ya chuchu. Asukume kuelekea kifuani, kisha abane na kuachia. Asivute chuchu, atajichubua na maziwa hayatatoka. Dakika 3 hadi 5 kila titi, abadilishe, arudie. Jumla dakika 20 mpaka 30. Mtoto anyweshwe kwa kikombe. Chupa ni ngumu kusafisha, na hapo ndipo kuhara kunapoanzia. Maziwa yasichemshwe, kikombe kikalishwe ndani ya maji ya moto kidogo.

Sasa angalia joto letu la ziwani. Maziwa yaliyokamuliwa yanakaa salama kwa muda wa saa 4 pasipozidi nyuzi 25; mchana wa Kigoma unapita hapo. Yakiisha au yakiharibika, bibi anakoroga uji kwa mtoto wa miezi miwili. Na mama aliyeko kwenye chanja za kuanikia dagaa titi linajaa, linakuwa gumu kama jiwe, lisipokamuliwa linavimba na kuleta homa. Likizoea kujaa bila kukamuliwa, maziwa yenyewe yanapungua.

Mtoa huduma wa uzazi wa mpango: Mmesahau mimba. Kunyonyesha kunazuia mimba kwa zaidi ya asilimia 98, lakini masharti ni matatu kwa pamoja: hedhi haijarudi, mtoto hajafika miezi sita, na ananyonya tu, usiku na mchana. Mchana mtoto asipitishe muda wa saa 4 bila kunyonya, usiku muda wa saa 6. Anayeondoka saa kumi alfajiri na kurudi saa sita mchana amekwisha kuvunja sharti, naye anaamini yuko salama. Huyo apewe kijiti, au sindano ya miezi mitatu baada ya wiki sita, havizuii maziwa. Vidonge vyenye homoni mbili asubiri miezi sita.

Mjumbe wa BMU: Hilo la mimba nimelipokea. Bado mtoto mchanga sitaki aje kwenye moshi na nzi.

Mleta mada: Hatakaa pale. Mlezi anamleta saa mbili asubuhi na saa nne, ananyonya, anarudishwa. Benchi lenye egemeo, pazia, ndoo ya maji yenye koki na sabuni, upande usiopigwa na moshi. Koki hiyohiyo ndiyo maji unayoyadai wewe, kaka, tuanze nayo.