Naombeni ushauri: mama mkwe kakataa wimbo wa posa

Mwana wa Pangani: Wakuu, habari za jioni. Jumamosi namvalisha pete mchumba wangu, kwao hapa Tanga. Nina santuri ya Juan Luis Guerra, yule Mdominika na kundi lake la 4.40, inaitwa Bachata Rosa, ya mwaka 1990. Humo kuna "A pedir su mano", yaani kwenda kuomba mkono wa binti. Posa kabisa! Nilitaka tuingie nao. Mama mkwe kaja juu, hataki kuusikia nyumbani kwake hata kwa simu. Nibadilishe wimbo au nimbembeleze? Usiku silali.

Kibuyu: Kihispania kwenye posa ya Tanga, taarabu zimeisha? Posa yangu tulikodi tarumbeta, mvua ikashuka, mpigaji akakimbilia jikoni na hakutoka hadi sufuria la pilau likaonekana chini. Mpaka leo wakwe wananikumbusha.

Mzee wa Santuri: Kibuyu, usiudharau, una damu ya huku kwetu. Guerra aliujenga juu ya "Dede Priscilla" wa Lea Lignanzi wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Sikiliza magitaa yanavyokimbizana. Mwaka 1994, kwenye santuri yake nyingine, Fogaraté, akamwita mpiga gitaa Diblo Dibala mwenyewe, mtoto wa Kisangani, Kongo, aje apige. Na bachata kwao ilikuwa muziki wa kubezwa, wa vilabuni na wa makabwela. Hiyo Bachata Rosa yako ilisaidia sana kuukaribisha sebuleni, na 1992 ikachukua Grammy. Kijana, una mali.

Nesi wa Muheza: Mimi wangu humo ni "La bilirrubina", mapenzi yanampandisha mtu bilirubini, ile rangi ya njano ya kwenye damu. Wodini tukiona macho ya njano hatuimbi, lakini nikirudi nyumbani naucheza. Turudi kwako. Mtu hakatai wimbo asioujua. Mama kaujulia wapi?

Mwana wa Pangani: Zamani ulikuwa ukipigwa pale kwao.

Nesi wa Muheza: Na nani? Na wewe santuri umeipata wapi?

Mwana wa Pangani: Kwa baba wa mchumba. Alikuwa baharia. Aliondoka binti akiwa darasa la pili, akatulia New York, Washington Heights, mtaa wenye Wadominika wengi. Mwaka jana nilimtafuta, tukaongea, akanitumia santuri kwa mkono wa mtu. Msinihukumu. Kila mtoto ana haki ya kumjua baba yake. Nauli nimeshamlipia, anatua Ijumaa.

Binti Saruni: Subhanallah! Umeomba ushauri wa wimbo kumbe umemwalika mume aliyemtelekeza mwenye nyumba! Baba aliyeondoka bila kuaga harudi kwa mlango wa posa. Wangu alijaribu kwenye harusi ya dada yangu, bibi akamfungia geti.

Mwana wa Pangani: Alikosea, ndiyo, lakini amezeeka. Tiketi hairudishiki.

Jicho la Tatu: Hii chai. Mwaka 1990 watu wako kwenye kaseti na CD, santuri imetoka wapi? Na baharia gani anatunza santuri miaka yote hiyo bila kuivunja? Weka picha.

Mzee wa Santuri: Santuri zake zilitoka, nimeishika kwa mikono hii. Mwacheni aseme.

Mwana wa Pangani: Picha siweki, ina jina la mtu. Kona ya chini ya jalada, kwa kalamu ya bluu, limeandikwa jina la mama mkwe, kisha "zawadi yako", 1993. Herufi ya mwisho imefifia, ndipo kidole gumba kinaposhika ukiitoa. Kwenye "Burbujas de amor" sindano inaruka mahali pale pale kila nikiiweka.

Kibuyu: Kwa hiyo santuri ni ya mama. Mzee aliondoka nayo.

Jicho la Tatu: Hapo umeniweza. Endelea.

Mwana wa Pangani: Nilidhani akiusikia moyo utalainika.

Nesi wa Muheza: Mchumba wako anajua nani anakuja Ijumaa?

Mwana wa Pangani: Hajui. Nilitaka amwone tu mlangoni, afurahi.

Binti Saruni: Kaka. Mbele ya wageni wote?

Mzee wa Santuri: Wimbo uache kwanza. Mwambie binti leo, yeye ndiye aseme kama anataka kumwona. Kisha chukua mshenga, mpelekeni mama santuri yake, muziki usipigwe, mkononi tu. Mzee akitua afikie gesti, nyumbani aende akiitwa.

Mwana wa Pangani: Nimempigia mchumba, simu haipokelewi. Yuko zamu, anatoka saa mbili usiku. Naenda kumsubiri getini kazini kwake. Santuri nimeivisha mfuko wa nailoni, mawingu yametanda.

Nesi wa Muheza: Nenda. Iache nyumbani hiyo santuri, nenda mikono mitupu.