Naomba ushauri: "Chama cha Kulia" kitaeleweka?

Wakuu, habari zenu. Naandika makala fupi juu ya Allan Hernelius, mhariri mkuu wa Svenska Dagbladet, gazeti la kihafidhina la Stockholm, Uswidi, kuanzia 1955 hadi 1969. Miaka ya 1960 akawa pia mbunge hapohapo, yaani leo tahariri, kesho bungeni!

Nimekwama kwenye jina la chama chake, Högerpartiet ("höger" ni upande wa kulia). Nilipoandika "Chama cha Kulia", mke wangu alicheka: cha kulia machozi au kulia ubwabwa? "Chama cha Mrengo wa Kulia" nacho kinasomeka kama maelezo, si jina. Mwaka 1969 kikajiita Moderata samlingspartiet. Hapo, kwa neno "moderata", nayumba kati ya "wastani" na "kiasi". Nyie mngeandikaje? Au nikiache Kiswidi kilivyo?