Flekisi za kondishena zimewaka kwa meko na binamu yangu amerukiwa kwa jicho, nifanye nini?

dada_kondele (Kisumu)
Habari zenu wadau, naombeni msaada na msinicheke tafadhali. Natengeneza sabuni ya maji na shampuu hapa Kondele mwaka wa pili sasa, nauzia saluni kama nne hivi na majirani. Wateja wakawa wananiuliza kila siku mbona sina kondishena, nikasema wacha nijaribu. Nikaagiza flekisi, vile vipande vikavu vya kemikali ya kulainisha nywele, kwa duka moja la kemikali Nairobi, zikaletwa na matatu, kilo mbili, kila kilo iko kwa nailoni yake imeandikwa tu na kalamu ya maka "behentrimoniamu kloraidi 80%". Hakuna karatasi yoyote. Kumpigia muuzaji ananiambia dada yeyusha tu kama mshumaa uongeze maji.

Kilo ya kwanza wiki mbili zimepita nilitia ndani ya maji moto nikatengeneza lita 10, ikatoka nzito poa sana na nikauza. Jana nikaona wacha nifanye vile huyo jamaa alisema, nikaweka kilo yote kavu kwa sufuria juu ya meko nikafunika ndio iyeyuke haraka. Kufunua hivi harufu ya spiriti ikanipiga usoni, na kabla sijageuka moto ukaruka buf! ukazunguka sufuria, pindo la leso limeungua na nyusi ya upande mmoja saa hii sina. Binamu yangu alikuwa amechuchumaa karibu, akavuta sufuria kwa mshtuko, tone likamwingia jicho la kulia. Shangazi akasema tumtilie maziwa ya mama, tukatafuta kwa jirani, tukamtilia, akaosha na kikombe cha maji akalala. Leo jicho ni jekundu na hawezi kuangalia mwangaza.

Hiyo kitu ni sumu ama mimi ndio nilikosea? Na bado saluni moja imenipigia inasema mteja anawashwa kichwa.

mkemia_naks (Nakuru)
Dada, acha kusoma hii uzi kwanza. Mchukue binamu yako mwende hospitali yenye daktari wa macho SAA HII, si kesho. Ubebe na hiyo nailoni yenye jina. Mkifika semeni ni kemikali ya jamii ya kwati, yaani kwaternari amoniamu, ndio daktari aelewe haraka. Njiani msimtilie maziwa, asali wala dawa ya macho iliyobaki nyumbani. Hii kitu ikiingia jicho ikiwa haijapunguzwa inaweza kuharibu kile kioo cha mbele cha jicho kabisa, na hapo ilikuwa imeshapashwa pia kwa hivyo ni kuungua mara mbili. Jana ilitakiwa maji safi yanayotiririka, kope zimefunguliwa na vidole, dakika 15 bila kuacha hata akilia, halafu hospitali. Kikombe kimoja hakitoshi.

Mkirudi nitakueleza mengine.

chali_wa_kibuye (Kisumu)
Mnaogopesha watu bure. Hiyo behentri iko kwa karibu kila kondishena ya supamaketi, geuza chupa nyuma usome. Mimi huipima kwa mkono mtupu na sijawahi pata shida.

mkemia_naks
Omera, ni kweli iko kwa chupa na sijasema kondishena ni sumu. Lakini kwa chupa iko kama asilimia 2 hivi, kwa nailoni ya dada iko 80. Ni kama kusema pilipili ni nzuri kwa mchuzi basi jipake kwa macho. Na kuhusu mkono wako, inawasha ngozi pole pole, wengine inawapasua vidole baada ya muda, vaa glavu tu.

Sasa dada, kuhusu moto. Hiyo 80% maana yake kuna 20 imebaki, na kwa hizi flekisi mara nyingi hiyo 20 sana sana ni spiriti, isopropili alkoholi, ile ya kupanguza mkono kabla ya sindano. Sasa fikiria, kilo moja kavu ni kama ulikuwa umeweka karibu gramu 200 za spiriti juu ya meko ukafunika na kifuniko! Hiyo spiriti inaanza kutoa mvuke wa kushika moto ikiwa digrii 12 tu, na Kisumu mchana ni 30, kwa hivyo haingojei kuchemka. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka kando ya sufuria unaenda kutafuta moto pale chini. Ulipofunua ndio ukamwagika wote mara moja. Ile kilo ya kwanza haikuwaka kwa sababu uliitia kwa maji, lakini kama meko ilikuwa inawaka hapo karibu ulibahatika tu.

Halafu hesabu ya kuwashwa. Kilo moja ya 80% ni gramu 800 halisi, ukaweka kwa lita 10, hiyo ni asilimia 8. Kule Ulaya sheria inaruhusu mwisho 5 kwa kondishena ya kusuuza, na 3 kwa ile ya kuacha kwa nywele. Na watu wengi hawafiki huko, 2 inatosha kabisa. Kwa lita 10 ulihitaji gramu 250 za hizo flekisi basi. Sasa wewe ulitumia mara nne, ukapata hasara na mteja akapata muwasho, rudisha hizo chupa.

mpikasabuni_kk (Kakamega)
Mulembe. Pole sana dada yangu, huyo muuzaji ndio wa kulaumiwa, mtu anauzaje kitu ya kuwaka kwa nailoni bila karatasi.

Mimi nilihama hizo flekisi kitambo, sasa natumia BTMS-25. Ni behentrimoniamu pia lakini methosulfeti, na imechanganywa na setiarili alkoholi, ambayo usiogope jina, si spiriti, ni kitu ya nta nta tu. Haina ile harufu ya kupanda pua. Bei iko juu kidogo lakini nalala usingizi. Kama lazima utumie ile yako, fanya hivi: chemsha maji kwa jikoni, zima moto, beba maji utoke nayo nje ama chumba kingine madirisha wazi, mimina kwa ndoo, ndio utie flekisi kidogo kidogo ukikoroga na mwiko wa mbao. Maji yakiwa digrii 75 hivi zinayeyuka zenyewe. Usizisage na blenda ziwe unga ati ziyeyuke haraka, nilifanya hivyo mara moja, vumbi ikanikaa kooni nikakohoa siku mbili. Miwani ya kazi ni lazima, hata ile ya fundi wa kuchomelea milango ni sawa bora iwe safi ya kuonekana na imefunika kando. Na ikimwagika sakafuni usikanyage, hakuna kitu inateleza kama hiyo, mimi nilianguka na ndoo yote.

Kitu ingine kwa vile unatengeneza shampuu. Usijaribu kuchanganya hii na ungarol, ile ya kutoa povu kwa shampuu, ati upate mbili kwa moja. Ungarol na ufacid (ile ya sabuni ya maji) chaji yake ya umeme iko upande wa hasi, hii iko chanya, zikikutana zinashikana zinakuwa madonge kama maziwa yameganda na hayaoshi wala hayalainishi. Nilimwaga lita 20 nikijifunza hiyo. Hata mwiko na ndoo tenga, za kondishena ziwe zake.

ja_dunga (Kisumu)
Umesema ulimwaga lita 20. Ulimwaga wapi mzee?

mpikasabuni_kk
Hahaha, shimo la nyuma ya nyumba.

ja_dunga
Si mzaha. Hizi vitu za kondishena ni sumu kali kwa samaki na kwa zile mimea ndogo za maji, kiasi kidogo tu inatosha. Mkimwaga kwa mtaro wa Kondele inaenda mto, mto unaenda ziwa, na sisi huku tunangoja omena. Mito yetu ya Auji na Kisat imechoka tayari. Sufuria ipanguzwe kwanza na gazeti ama vumbi la mbao mpaka ikauke, hiyo takataka iende na taka ngumu, ndio uoshe na maji kidogo. Usiitupe kwa moto pia, mmeona vile inashika.

dada_kondele
Asanteni sana jameni. Tumerudi kutoka hospitali jioni hii. Daktari alimwosha jicho tena kwa muda mrefu, akatia rangi fulani ya manjano akaangalia na taa ya bluu, akasema kuna mchubuko kwa kioo cha jicho lakini haujaingia ndani sana. Amepewa dawa ya matone na bandeji, turudi kesho kutwa. Alituuliza ni nani alitia maziwa, shangazi akaangalia dirishani.

Saluni nimezipigia zote nne, chupa sita zimerudi, mbili zilikuwa zimeshaisha. Flekisi zilizobaki, zile hazikuyeyuka, nimezifunga kwa mkebe wenye mfuniko nikaweka stoo mbali na meko, na nimeandika jina juu maana zinafanana na vipande vya mshumaa na kuna watoto hapa. Sufuria nayo haitarudi jikoni.

Muuzaji nimemkazia mpaka akanitumia ile karatasi ya usalama kwa WhatsApp, kumbe alikuwa nayo siku zote. Kurasa 9. Kwa ya kwanza kuna mchoro wa moto, mwingine wa mkono unaliwa na tone, na wa tatu ni mti umekauka na samaki amelala kando yake. ja_dunga, huo wa tatu nimeukata nikaubandika kwa mkebe.