"Burudani imerudi" imerudi kwa nani?

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira.

Kila nikishika simu nakutana na picha ya uwanja umefurika, watu wamewasha tochi za simu, chini wameandika burudani imerudi. Mimi ni fundi mitambo. Spika, maiki, waya, huko ndiko ninakopatia mkate. Machi 2020, korona ilipoingia, shoo zangu zote zilifutwa ndani ya wiki moja. Mwezi wa tano nikauza mikisa yangu ya chaneli 24, ile mashine ya kuchanganyia sauti. Aliyeinunua akabandua ule utepe mweupe nilioandika kwa mkono "besi", "ngoma", "sauti ya 1", akaufinyanga kama kidonge, akautupa sakafuni mbele yangu. Kile kidonge sijakisahau.

Kazi zipo? Zipo, za kuokoteza. Ukumbi wa viti 150 ulioniita kila Ijumaa sasa unafunguliwa mara moja kwa mwezi. Watu walishaungua na shoo za kuahirishwa, wanakata tiketi saa za mwisho, hivyo promota hajui kama watakuja 30 au 130. Akiingiwa na woga anafuta siku mbili kabla, na mimi nimeshalipia spika za kukodi. Ukimuuliza, "korona ilituvuruga ndugu yangu." Mpaka lini? Wenzangu wazoefu walishaacha, mmoja anaendesha lori na hataki hata kusikia neno jukwaa.

Na msiniletee habari za wakubwa. Hata Broadway, zile kumbi kubwa za maigizo za New York, iliyofungwa tarehe 12 Machi 2020, ilikaa mwaka na nusu ndipo shoo zake kubwa zikarudi Septemba 2021, na Desemba hiyohiyo korona ya aina ya omikroni ikazifuta nyingine tena. Glastonbury, lile tamasha kubwa la muziki la Uingereza, halikufanyika 2020 wala 2021. Marekani walitenga zaidi ya dola bilioni 16 kuokoa kumbi na mapromota, mfumo wa maombi ukafunguliwa Aprili 2021, ukagoma siku hiyohiyo. (Angalau wao walikuwa na mfumo wa kugoma.) Lakini hata fomu ile ilikuwa ya wenye kumbi, mapromota na wenzao. Mvuta waya anayelipwa kwa siku hakuwa na mahali pa kujaza jina lake.

Hapo ndipo panaponichoma. Msanii akikosa shoo mashabiki wanalia naye. Fundi akikosa, nani anajua? Hatuna mkataba, tuna "njoo Ijumaa".

Juzi promota mmoja kanitafuta. Anataka mitambo kamili, nitafute na wa taa, malipo "tukishahesabu ya mlangoni". Aliwahi kunihesabia hivyo, nikarudi nyumbani kwa mguu saa tisa usiku na begi la maiki mgongoni. Nimemjibu: nusu kwanza. Tiki za bluu zipo pale tangu Jumanne.