Sokwe-watu mezani: tuwachezeshe, au tuwaache Gombe?

Mgebuka Mkavu (Kigoma)

Wakuu, heshima kwenu. Leo sina habari ya bei ya mawese. Nina ugomvi, na nimeuleta kwenu kwa sababu barazani umetushinda.

Sisi ni vijana sita hapa Mwanga. Kila Jumamosi kuanzia saa kumi jioni tunakaa barazani kwa shangazi yangu tukicheza mchezo wa kuigiza wahusika. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mhusika wake kwenye karatasi, na jambo likiwa na mashaka dadu ndiyo inaamua. Anayeijua Dungeons & Dragons ya Marekani, iliyotoka mwaka 1974, ameshanielewa. Tulianza na hiyo hiyo, tukachoka na majumba ya mawe na theluji. Sasa tunaandika wa kwetu. Nchi yake ya kubuni ina ziwa refu lisilo na mwisho wa kina, milima inayoshuka mpaka majini, reli inayoishia ufukweni, na meli kuukuu iliyowahi kuzamishwa ikaibuliwa. Sina haja ya kuwaambia tumevitoa wapi.

Michezo hii huwa na watu wa namna namna, na baadhi yao ni nusu wanyama: paka-watu, kobe-watu, tembo-watu. Mimi nimeunda sokwe-watu. Wenzangu wawili wamegoma kabisa, wanasema Mwafrika kukaa mezani akacheza sokwe ni kujitukana. Mmoja amechukua dadu zake akaenda nazo kwao, na ndizo zilikuwa nzuri.

Nieleze nilivyowaunda kabla hamjanihukumu. Kwanza jina la safu. Tulipoandika "kabila" juu ya karatasi, halafu chini yake "akili +2" kwa hawa na "akili −1" kwa wale, tulitazamana. Katika nchi hii huko ni kuchokoza nyuki. Hata Wamarekani wenyewe, katika toleo la 2024, wameacha neno lao la mbari wakaweka spishi, na zile nyongeza za nguvu na akili wakazitoa kwenye uzao wakazihamishia kwenye maisha ya mhusika, yaani alikokulia na kazi aliyofanya. Nami nimefuata huko. Sokwe-mtu wangu hana alama hata moja ya bure kwa sababu ya damu. Ana mwili, na ana mila.

Mwili: haogelei. Basi. Sokwe wa kweli hawaogelei, na kwenye mchezo ambao nusu ya safari ni za maji, hilo peke yake linatosha kuleta visa. Na kila jioni anajitengenezea kitanda kipya cha matawi. Akilala chini hapumziki vizuri.

Mila ndiyo iliyonipa raha. Gombe iko kaskazini ya mji wetu, Mahale kusini. Sokwe ni walewale. Lakini wa Gombe huvua siafu kwa kijiti kirefu na kuwala, wa Mahale wanaishi na siafu na hawawagusi. Wao hufuata chungu wa mitini. Wa Mahale wakichambuana manyoya hushikana mkono mmoja juu, viganja vikakutana hewani kama watu wanaopeana tano wakasahau kuachana. Wa Gombe hawana desturi hiyo. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960 na Toshisada Nishida akaanza Mahale mwaka 1965, ndiyo maana tunayajua haya. Kwa hiyo mchezaji anachagua: wa Kaskazini au wa Kusini? Mwili mmoja, adabu mbili. Wa Kusini akimnyooshea wa Kaskazini mkono juu, huyu anadhani anatishwa.

Nimeunda na fisi-watu pia, mchana watu, usiku wanabadilika. Hao hawana tatizo, kila mtu mezani amecheka.

Naomba maoni. Matusi sitaki.

Asali ya Miombo (Tabora)

Kaka Mgebuka, nimesoma mpaka mwisho na nakusifu kwa siafu. Lakini wenzako wawili wana haki, na ulivyowataja ni kama watoto walionuna.

Kampuni inayotoa hiyo Dungeons & Dragons ilitoa kitabu mwaka 2022 chenye jamii ya nyani-watu wanaoitwa Hadozee. Hadithi yao ilisema walikuwa wanyama wa kawaida, mchawi akawakamata, akawanywesha dawa wakapata akili, akapanga kuwauza kama watumwa. Wakaokolewa na wanafunzi wa mchawi huyohuyo. Juu yake wakaweka mchoro wa mmoja wao akiwa na ala ya muziki, ukawakumbusha watu vichekesho vya zamani vya Marekani vya Wazungu waliojipaka masizi. Wachezaji wakapiga kelele, na haukupita mwezi kampuni ikaomba radhi ikafuta maneno yale. Hao ni watu wenye wahariri na pesa. Ninyi mna baraza la shangazi.

Halafu mmeweka nchi yenu wapi? Ujiji! Njia ya misafara kutoka Ujiji kuja hapa Tabora mpaka Bagamoyo tunaijua ilibeba nini pamoja na pembe za ndovu. Utumwa Tanganyika umefutwa kisheria mwaka 1922, si zamani za Nuhu. Leo unaandika sokwe-watu kando ya bandari hiyo. Wewe hutaandika minyororo. Msimuliaji wa pili, wa Mwanza huko au wa Dar, ataiandika, tena atadhani amebuni.

Binamu yangu anacheza mpira nje ya nchi. Ameshatupiwa ndizi uwanjani. Nikimwonyesha karatasi yako nitamwambia nini? Kwamba ya kwetu ina utafiti?

Kete Mbovu (Kigoma)

Mimi ndiye niliyeondoka na dadu. Zirudi kwa masharti. Na kama sokwe-mtu hana nguvu +5 anacheza wa nini? Sokwe ana nguvu za watu watano, kila mtu anajua.

Mwalimu wa Kasulu

Kila mtu anajua kitu ambacho si kweli. Vipimo vya misuli vinaonyesha kwamba kwa uzito uleule sokwe anamzidi binadamu takriban mara moja na nusu, si mara tano. Na sokwe mzima ana uzito mdogo kuliko wewe, Kete Mbovu, ukishakula ugali wako wa muhogo.

Kinachomfanya sokwe awe wa kutisha si msuli, ni siasa. Kundi la Kasakela kule Gombe lilipasuka, waliojitenga wakaitwa Kahama, na kati ya 1974 na 1978 wale waliobaki wakawawinda madume wa Kahama mmoja mmoja mpaka wakaisha. Walikuwa wamekua pamoja, wamechambuana manyoya. Ukitaka visa mezani, viko hapo. Nyongeza: kwa sokwe, jike ndiye anayehama akikua, dume anabaki kwao. Mgebuka, mhusika wako msafiri kwa kawaida angekuwa mwanamke. Umeandika wote madume.

Mtani wa Mzaramo (Tabora)

Nacheka peke yangu hapa. Mnagombana kama sokwe anaweza kuwa mtu, na Kiswahili kilishaamua zamani. Tunamwitaje? Sokwe mtu. Na ngeli je? Kiti kimevunjika, mti umeanguka, lakini sokwe *ameanguka*, fisi *amecheka*, kama tunavyosema mjomba amecheka. Mnyama na mtu tumewapa kiambishi kimoja. Anayetaka kuwatenga aanze na sarufi.

Kuhusu tusi, Dada Asali, mimi Mnyamwezi, Mzaramo akinitukana msibani nacheka, kwa sababu babu zake na babu zangu waliwekeana utani tangu siku za upagazi. Maneno hayohayo akiyasema mtu wa pembeni tunashikana mashati. Basi wekeni utani kwenye mchezo! Sokwe-watu na wavuvi wawe watani: mara moja kila kikao mvuvi anaruhusiwa kumdhihaki sokwe-mtu, sokwe-mtu naye anachukua chakula cha mvuvi bila kuomba, na hakuna kukasirika. Atakayekasirika anapoteza zamu. Asiye mtani akijaribu, dadu zinatoka.

Asali ya Miombo (Tabora)

Hiyo ya utani nimeipenda, sikufichi. Haijajibu swali la binamu.

Mgebuka Mkavu (Kigoma)

Dada Asali, nimelala na maneno yako. Kosa la wale wa 2022 naliona hivi: waliandika watu ambao akili walipewa na uhuru pia walipewa. Hakuna walichokifanya wenyewe. Wa kwangu hawakuumbwa na mchawi yeyote, walikuwepo milimani kabla ya reli, na hiyo sasa nimeiandika ukurasa wa kwanza kama sheria, pamoja na kwamba hakuna msimuliaji anayeruhusiwa kuwapa historia ya kuuzwa. Binadamu wa nchi ile nao wana hadhi zao na wamechorwa weusi kama sisi, ili asitokee wa kusema sokwe-watu ndio sisi na watu ndio wengine. Kwa binamu sina jibu. Pengine karatasi hiyo si ya kumwonyesha yeye, na hilo ni jibu baya, najua.

Mwalimu, madume wote ni kosa langu. Nimerekebisha.

Ila niwaonyeshe Jumamosi iliyopita. Tulicheza tukiwa wanne, kwa dadu za kuchonga. Mmoja wetu, fundi pikipiki, mtu asiyeongea, alichukua sokwe-mtu wa Kusini anayetafuta kundi la kuhamia. Ikabidi avuke ziwa. Nikamwambia boti imeelemewa, ubao wa pembeni uko shibiri moja juu ya maji, mawimbi ya jioni yameanza. Alinyamaza muda. Akasema: "Nakaa katikati, kwenye madumu ya mawese. Nimefumba macho. Nainua mkono juu." Aliuinua kweli, pale barazani, kiganja wazi, grisi kwenye kucha. Hakuna aliyemwelekeza. Mezani hakuna mhusika mwingine wa Kusini, wote wa Kaskazini, hawajui ishara ile. Mkono ukakaa hewani. Mwishowe anayecheza mvuvi, mtani wake, akaushika, akasema "samaki wangu hukupata leo". Hapakuwa na dadu iliyorushwa.

Mimi sijaona tusi pale.

Mama Isevya (Tabora)

Wanangu, hamjambo. Mnagombania sokwe siku ya tatu sasa, na fisi mmempitisha mlangoni bila hata kumuuliza atokako.

Sokwe huku kwetu ni mnyama wa kwenye picha. Fisi ni jambo lingine. Tangu nikiwa mtoto nasikia fisi wa usiku hatembei peke yake, ana mwenyewe, anapandwa, amefugwa na bibi fulani. Singida, miaka ya 1940, watu waliuawa ikasemwa ni simba-watu. Hapa Tabora na kanda ya ziwa, ajuza wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, na macho yale ni moshi wa kuni, mtu amepika nao miaka hamsini. Sheria ya uchawi ipo tangu 1928 na mapanga hayakuisoma.

Mjukuu wangu yuko kidato cha pili. Huo mchezo wenu aliupata kwenye simu ya rafiki yake. Juzi tunakoboa mahindi, akaniuliza, bila ubaya wowote: "Bibi, yule bibi wa nyumba ya jirani, naye ana Kubadilika Usiku?" Alilitaja kama kitu kilichoandikwa. Kama namba ya mtihani. Yule bibi ni rafiki yangu, anakuja kuazima chumvi.

Ninyi mnajua ni mchezo. Mimi nimejua baada ya kusoma. Sasa nani atamwambia jirani wa tatu?

Mgebuka Mkavu (Kigoma)

Shikamoo mama. Kubadilika Usiku nimeifuta leo hii asubuhi, na nakala ya zamani nawaomba wenye nayo waifute. Nisamehe. Tulicheka tu, hatukufikiri.

Kete Mbovu (Kigoma)

Shikamoo mama. Lakini nami niseme. Mkifuta kila kinachoogopesha mtabaki na mchezo wa kuuza nyanya. Ule uwezo ndio uliokuwa bora kuliko yote kwenye kitabu. Paka-watu wa Wazungu hawajaua mtu.

Mama Isevya (Tabora)

Marahaba. Paka-watu wa Wazungu hawana jirani, mwanangu.

Mwalimu wa Kasulu

Kama fisi-watu watabaki, wabaki fisi mchana na usiku, wazi, sokoni, kwa jua. Na mwacheni fisi wa ngano aliyeingia shimoni kwa uroho. Fisi madoa wa kweli huwinda sehemu kubwa ya chakula chake mwenyewe, na ukoo wake unaongozwa na majike. Mtoto hurithi cheo cha mama. Dume mkubwa humpisha jike mdogo. Hapo Kete Mbovu atapata cha kuogopa.

Kete Mbovu (Kigoma)

Huyo jike mkuu tumwiteje? Malkia ni la Wazungu. Mtemi jike? Mtemi wa kike?

Mama Isevya (Tabora)

Unyanyembe imewahi kutawaliwa na mwanamke, na hakuongezewa neno. Mtemi.

Mgebuka Mkavu (Kigoma)

Nimeandika "Mtemi". Hoja ya Dada Asali iko palepale, wale wawili bado wanasema hapana, na Jumamosi tunapiga kura kuhusu sokwe-watu. Kete Mbovu, hata ukija kupiga ya hapana, njoo na dadu. Zile za kuchonga zinaangukia nne kila mara.